Vidole vya Asteria

Asteria ni mke wa marehemu mwanangu Bujiku, na mwezi wa sita mwaka huu mashine ya ofisi ya kodi ilisema hana vidole. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu. Vidole anavyo kumi, tena virefu, vya watu wa Nkome, maana huko ziwani ndiko alikozaliwa na ndiko Bujiku alikomkuta akianika dagaa. Lakini mashine iliwasha taa nyekundu, ikawasha tena nyekundu, na yule binti wa kaunta, Aneth, akasema, "Mama, vidole vyako havisomi."

Naandika habari zake akiwa hai na akiwa jikoni ananipikia, kwa sababu hapa Kambarage, Shinyanga, watu wanamjua kama mama wa michembe tu, basi. Wengine wanamkumbuka kwa kuwa alinifanya kichekesho cha mtaa. Hilo la kichekesho nitalifikia. Kusoma nilijifunza ngumbaru, nikiwa na watoto watatu tayari, kwa hiyo atakayekuta kosa alivumilie.

Alipoolewa kwetu sikumpenda, nasema kweli. Nilitaka Bujiku aoe Msukuma, binti wa kutwanga na kunyamaza. Yeye akaniletea Mzinza anayecheka mpaka majirani wanageuka. Nilikuwa namwita Dagaa. "Dagaa, lete maji!" Naye ananijibu kutoka uani, "Naleta, Mayu, ila dagaa akishatolewa majini hana mbio." Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma. Alijifunza neno hilo siku ya kwanza, na hajaniita kwa jina jingine hata siku nilizostahili jina jingine.

Bujiku alikuwa na duara kule Nyarugusu, shimo la dhahabu, yeye na Sostenes, nusu kwa nusu. Sostenes ni mtoto wa dada yangu, nilimlea tangu ananyonya. Mvua za mwaka mmoja zilishuka vibaya, ukuta wa duara ukaporomoka, Bujiku akabaki chini. Walimtoa siku ya pili.

Tulikuwa bado matangani Sostenes alipokuja na karatasi na kidau cha wino. Akasema ni ya kuweka mambo ya marehemu sawa. Asteria alikuwa amelia mpaka macho yamefunga. Akanigeukia. "Mayu, inasema nini?"

Mimi ndiye niliyejibu. Nilisema, "Huyu ni mwanangu. Weka dole."

Akaweka dole gumba la kushoto. Mwezi uliofuata mtendaji wa kijiji akatusomea ile karatasi: mjane amepokea haki yake yote, hana dai lolote katika duara. Hakuwa amepokea hata kilo ya sukari. Tulipomtafuta Sostenes, alikuwa ameshauza na kuhama, wengine wakasema Chunya, wengine wakasema Msumbiji.

Asteria hakunirushia neno. Angenitukana ningepumua. Alichukua nyundo akaenda kwenye magwangala, yale mawe ya makapi yanayomwagwa dhahabu ikishatolewa, wanawake wakayagonga kutafuta kilichosahaulika ndani. Mkono wa kulia nyundo, mkono wa kushoto unashika jiwe, na jiwe linakula ngozi kidogo kidogo. Miaka minne aligonga. Ndipo nilipomwambia achukue mjukuu wangu Violeth waje Shinyanga, kwenye nyumba yangu ya vyumba viwili, wasiendelee kukaa kwa watu na mimi nina bati.

Huku nako akapata mawe. Asubuhi anagonga kokoto za mafundi ujenzi, jioni anabeba beseni la michembe. Kwa asiyejua, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikakaushwa juani. Ukivipika na karanga za kusaga, mgeni anasahau kuaga. Michembe ya Asteria ni myeupe, haina mchanga wala harufu ya moshi. Nilimfundisha mimi, halafu akanipita. Kukubali hilo kulinichukua mwaka.

Mwaka huu zikatoka fremu mpya sokoni. Walioomba walikuwa wengi, ikapigwa kura, na Asteria akaokota namba kumi na moja. Chumba chenye mlango wa chuma na kivuli chake mwenyewe! Barua ikasema alete namba ya mlipakodi, ile wanayoiita TIN, na leseni ya biashara, kabla ya saa tisa alasiri, Ijumaa tarehe ishirini na saba Juni. Asiyeleta, chumba anapewa anayefuata kwenye orodha. Nilimsomea barua hiyo kwa kidole, herufi moja moja, mara tatu. Mara ya tatu alikuwa ameshaanza kupanga rafu zikae wapi.

Tarehe kumi tukaenda. Kitambulisho cha taifa anacho, alichukuliwa alama zamani, Nkome, enzi za dagaa, vidole vikiwa laini. Sasa mashine inalinganisha alama za leo na zile za zamani, na za leo hazipo. Aneth alijaribu vyote kumi. Alivifuta kwa kitambaa, akavipulizia, akamwambia abonyeze taratibu, abonyeze kwa nguvu. Nyekundu.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Nagonga kokoto."

"Ndiyo maana. Pumzisha mikono wiki mbili. Usiguse jiwe, usioshe vyombo kwa mchanga wala jivu, paka mafuta usiku na asubuhi. Ngozi inarudi. Njoo tarehe ishirini na nne."

"Binti," nikasema, "fremu inakwisha ishirini na saba."

"Bibi, nimekusikia. Lakini vidole siwezi kumpa vyangu."

Nje ya geti yuko Davis, ana steshenari ya kutoa fotokopi, na pembeni ni kishoka, mtu wa kukusaidia nje mambo ambayo ofisi inafanya ndani. Alikuwa ameshajua shida yetu kabla hatujafika kivulini.

"Shikamoo bibi. Hiyo ya vidole ni ndogo sana. Tunakata TIN kwa jina la dada yangu, yeye vidole vyake ni vya ofisini. Kesho mna namba, keshokutwa leseni."

"Marahaba. Na leseni itasoma jina la nani?"

"La dada, lakini biashara si ni yenu?"

"Duara nalo lilikuwa letu," nikamwambia.

Hakuelewa. Asteria alielewa, akatazama chini. Davis akatufuata mpaka kwenye bodaboda. "Bibi, mtanitafuta ninyi wenyewe, mimi nipo tu hapa."

Hapo ningetulia, lakini mimi si mtu wa kutulia. Wiki mbili niliziona ni uvivu wa ofisi. Kwetu mkono uliokauka unapakwa samli ya ng'ombe na unalainika siku hiyohiyo, hata kwato za ndama tunazilainisha hivyo. Nikachukua chupa ya samli niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya Krismasi. Alhamisi alfajiri nikamkandika Asteria viganja vyote mpaka kwenye viwiko, nikamvuta mpaka ofisini. Hakutaka. "Mayu, yule dada alisema wiki mbili." Nikamwambia yule dada ni mtoto wa juzi.

Asteria akaweka kidole juu ya kioo. Kioo kikajaa mafuta, mashine ikazimika kabisa, na foleni nzima ikanusa samli. Mwanaume mmoja nyuma akasema, "Leo ofisi imeweka ugali wapi?" Watu walicheka. Aneth hakucheka, alisafisha kioo kwa pamba, kimyakimya, kama mtu anayefuta matapishi ya mtoto. Kisha akaniambia polepole, "Bibi, nakuomba. Ishirini na nne. Mkirudi kabla ya hapo mtakuwa mmenifukuza kazi."

Tulipofika nyumbani Asteria akaenda kukaa uani, na mabega yake yakawa yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Kwato za ndama," akasema. "Mayu, kwato za ndama!"

Jumatatu iliyofuata, tarehe kumi na sita, niliamka nikasikia ko, ko, ko. Kwetu hakuna fundi. Nikatoka, nikamkuta nyuma ya choo, amefunga vidole kwa vitambaa vya khanga kuukuu, anagonga kokoto. Nikamnyang'anya nyundo. Sikuuliza, nilinyang'anya.

"Unataka nini?" nikamwuliza. "Fremu hutaki?"

"Nataka. Lakini ndoo za kokoto nimemwahidi fundi, na Violeth shuleni wanataka mahindi ya uji. Wiki mbili nikae nimekunja mikono, tunakula nini? Tunakula barua?" Alikuwa amesimama, na sauti yake ambayo hunipa mimi siku zote kwa upole ilikuwa imebadilika. "Na vyombo nani anaosha? Na maji nani anachota? Wewe ni mama mkwe wangu, nitakuketisha kitako nikuambie niletee maji?"

Ni kweli. Kwetu mama mkwe hamwoshei sahani mke wa mwanawe. Mke wa mwanao ndiye anakuoshea sahani, anakutandikia, anakukaribisha maji ya kuoga, na wewe unakaa na kukosoa. Nilifanya hivyo kwa mama yake mume wangu miaka kumi na tisa, na niliingoja zamu yangu kwa hamu. Sasa zamu yangu nimeipata, na huyu anataka vidole.

Nikatazama kile kidole gumba chake cha kushoto, kimefungwa kitambaa, damu imetokeza kidogo. Kuna neno nilikuwa nimelikalia miaka yote ile.

"Asteria," nikasema. Sikumwita Dagaa. "Lile dole niliweka mimi. Mkono ulikuwa wako, lakini aliyeweka ni mimi."

Akakaza fundo la kitambaa. Halafu akasema, "Najua, Mayu."

"Basi nyundo ni yangu mpaka ishirini na nne. Na vyombo. Na maji. Ukinibishia narudi na samli."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa kichekesho cha Kambarage. Nina miaka sabini na moja, nyonga ya kulia inanisumbua, nikakaa juu ya kiroba nyuma ya choo nagonga kokoto za fundi. Ndoo ambayo Asteria anaijaza kabla ya chai mimi niliijaza kwa siku mbili. Nikachota maji bombani na ndoo ndogo, nikaosha sahani, nikachemsha uji. Asteria alikaa kwenye mkeka mikono juu ya mapaja kama bibi harusi, amepakwa mafuta, na kazi yake ilikuwa moja tu, kunielekeza. Na kuelekeza anajua! "Mayu, sufuria hiyo chini bado ina masizi." "Mayu, uji unashika." Nilijua anafurahi. Nilimwacha afurahi.

Jirani yetu Justa, mama wa makamo mwenye duka la mkaa, alikuja kuegemea ua kila asubuhi kama anayeangalia sinema.

"Mwangaluka, Mama Bujiku. Umeolewa lini? Mbona hatukula pilau?"

"Nimeolewa na huyu," nikamwambia. "Mahari ni fremu namba kumi na moja."

"Na mume wako anakupiga?"

"Ananipigia kelele za masizi. Wewe Justa una mikono miwili na umesimama, ingia ushike nyundo."

Alicheka akaondoka. Kesho yake akarudi na nyundo yake. Alikaa upande wa pili wa lundo akagonga mpaka jua likapanda, akajaza ndoo tatu, mimi nusu. Siku zilizofuata akaja na wengine wawili kutoka mtaani, mmoja akamenya viazi, mwingine akavianika. Walicheka siku zote, walinicheka mimi, sikuwanyima. Fundi alipata kokoto zake zote.

Tarehe ishirini na nne Asteria hakulala vizuri, niliona. Aliviangalia vidole vyake kwenye mwanga wa mlango, akavisugua kimoja kwa kingine. Vilikuwa vyeupe kidogo kwenye ncha, kama vya mtoto aliyetoka kuoga.

Ofisini Aneth alituona kwenye foleni akanyoosha shingo, nadhani anatafuta harufu. Nikamwonyesha mikono yangu mitupu. Akaanza mkono wa kulia. Kidole cha kwanza, nyekundu. Cha pili, nyekundu. Nikasikia Asteria anavuta pumzi. Mkono wa kulia ukaisha wote. Mkono wa kushoto, ule wa kushika mawe, sikuwa na imani nao kabisa. Cha mwisho, nyekundu. Cha pete, cha kati, cha shahada, nyekundu. Nikaanza kutafuta ukuta wa kuegemea.

"Dole gumba, mama," Aneth akasema. "Taratibu. Liache lilale."

Kijani.

Asteria hakuondoa dole. Alibaki amelilaza pale pale, analitazama, mpaka Aneth akamwambia tayari, mama, toa. Ndipo akanigeukia. Nikageuza uso, kulikuwa na vumbi.

Aneth akauliza maswali yake. Biashara gani, iko wapi, unakadiria kuuza kiasi gani kwa mwaka. Hapo mimi nikaingilia. "Mnakadiria viazi ambavyo bado viko ardhini?"

"Bibi, ni makisio tu. Akifungua, tutaona hali ilivyo."

"Na panya nao mnawakisia?"

"Mayu," Asteria akasema, "nyamaza." Nikanyamaza. Akajibu maswali yake mwenyewe, vizuri, bila kupunguza na bila kujisifu. Aneth akatoa karatasi, akaigeuza upande wetu, akaweka kalamu juu yake. "Weka sahihi hapa chini."

Kalamu ilikuwa karibu na mkono wake. Nyuma yetu kulikuwa na watu kama kumi na watano, na mmoja alikuwa ameshaanza kugonga funguo kwenye benchi. Asteria hakuishika.

"Dada," akasema, "nisomee kwanza."

"Ni yale uliyonijibu, mama."

"Najua. Nisomee."

Aneth alimtazama, halafu akanitazama mimi, na sijui aliona nini kwenye uso wangu, lakini akaivuta karatasi akasoma. Alisoma jina, akasoma mtaa, akasoma biashara ya michembe na karanga, akasoma mwenye biashara ni nani. Hapo Asteria akamsimamisha. "Rudia hapo." Akarudia. Mwenye biashara: Asteria, jina lake lote, na jina la baba yake wa Nkome. Ndipo akashika kalamu.

Ya leseni ilikuwa ndefu ila haikuwa ngumu. Hati ya kutodaiwa kodi tuliipata Jumatano. Alhamisi tulikuwa kwa afisa biashara, kijana wa Tanga, mpole, ambaye alitafuta michembe kwenye kompyuta yake akaikosa.

"Michembe ndiyo nini, bibi?"

Nikafungua pindo la khanga nikampa kipande. Akatafuna, akatafuna. Akasema ataandika nafaka.

"Viazi si nafaka," nikamwambia.

"Basi mazao makavu ya chakula."

"Hilo sawa. Na kipande cha pili ulipie, maana leseni bado hujatupa."

Aliitoa Ijumaa saa sita mchana. Saa nane tulikuwa ofisi ya soko, Asteria amezishika karatasi zote mbili kifuani kwa mikono miwili kama anayebeba maziwa. Karani akagonga muhuri, akatupa ufunguo. Pale nje palikuwa na mtu amekaa kwenye ngazi, ndiye aliyefuata kwenye orodha. Alituangalia, akaangalia saa yake, akainuka akaondoka. Nilimwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

Leseni sasa iko ukutani, fremu namba kumi na moja, ndani ya kioo. Nilipoisoma mara ya kwanza, herufi kwa herufi, nilichukua muda, na wateja wawili walizunguka mgongo wangu kupita. Asteria hagongi tena kokoto. Lile dole gumba limerudi kuwa na mistari, ukilishika unaisikia.

Lakini nilitaka kusema habari ya Ijumaa ile jioni. Alipika michembe na karanga, tukala sisi watatu, na Justa. Nilipomaliza sikuinuka. Nililiacha bakuli langu pale pale kwenye mkeka, nikanyoosha miguu, nikaegemea ukuta, nikasubiri.

Asteria akaliangalia bakuli. Akaniangalia mimi. Akacheka kile kicheko chake mpaka nyumba ya tatu wakageuka, kisha akaliokota.

"Dagaa," nikamwambia, "chini bado kuna masizi."